Mlinzi wa Krismasi, likizo ya siku 28 na sherehe ya ofisi: hesabu zake zikoje? (Kigoma)

Karani_Mwanga:
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaoshughulika na mishahara na utumishi. Ofisi ni ya binafsi, iko Kigoma mjini, wafanyakazi 23: duka la vifaa vya ujenzi, stoo mbili na gari moja la mizigo. Napanga Desemba 2026 na nimekwama sehemu nne.

Ya kwanza, mlinzi wa usiku. Ni mwajiriwa wetu, si wa kampuni ya ulinzi. Mshahara wake wa msingi ni 390,000, zamu saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Amepangiwa usiku wa 24, 25 na 26. Bosi anasema atampa ofu siku tatu Januari, yaishe.

Ya pili, tunataka kufunga ofisi tarehe 24 Desemba hadi 2 Januari. Siku hizo zinakatwa kwenye likizo za watu au ni zawadi? Kuna kijana wa stoo ana miezi minne tu kazini.

Ya tatu, dada wa mapokezi anaanza likizo yake ya siku 28 tarehe 15 Desemba. Anatakiwa kuripoti lini hasa? Mhasibu ana tarehe yake, yeye ana yake.

Ya nne, sherehe ya kufunga mwaka. Uongozi unataka ifanyike tarehe 9 Desemba na kila mtu akatwe 20,000 kwenye mshahara wa Novemba. Watu 45, maana karibu kila mmoja anakuja na mwenzake. Pilau au samaki? Na kiasi gani?

MkokotoaMishahara:
Naanza na mlinzi, maana ndiko ofisi nyingi zinakoteleza.

Kwanza pata thamani ya saa moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina jedwali la kubadili mshahara: wa mwezi unaugawa kwa 4.333 kupata wa wiki, halafu wa wiki unaugawa kwa saa za kawaida za wiki, ambazo ni 45. Kwa mkato gawa kwa 195. Kwa hiyo 390,000 ÷ 195 = 2,000 kwa saa. Usigawe kwa siku 30 halafu kwa saa 12 kama wanavyofanya wengine. Utapata 1,083 na umempunja karibu nusu.

Kifungu cha 25 kinasema anayefanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa alipwe mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi siku hiyo. Hapo kuna neno "siku hiyo". Zamu ya mlinzi inavuka saa 6 usiku, kwa hiyo ikate vipande. Zamu inayoanza tarehe 24 jioni ina saa 6 za siku ya kawaida na saa 6 za Krismasi. Inayoanza tarehe 25 ina saa zote 12 ndani ya sikukuu, maana 26 nayo ni sikukuu. Inayoanza 26 ina saa 6 za sikukuu, kisha inaingia Jumapili tarehe 27. Jumla saa 24 × 4,000 = 96,000.

Juu ya hapo kuna nyongeza ya kazi ya usiku, isiyopungua asilimia 5, kwa saa zilizo kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Ni saa 10 kila zamu, zamu tatu saa 30, kila saa shilingi 100: 3,000. Ndogo, lakini mkaguzi akija ndiyo anayoitafuta, kwa kuwa karibu kila mtu anaisahau. Jumla 99,000. Na kama siku yake ya mapumziko ya wiki ni Jumapili, zile saa 6 za alfajiri ya 27 nazo ni mara mbili kwa kifungu cha 24, yaani 24,000 nyingine.

Ofu ya Januari ni ihsani ya bosi. Haifuti malipo.

Mlango_wa_Ujiji:
Naongeza hapo kwa mkuu. Kuna ubishi wa miaka mingi: mara mbili hiyo ni *juu ya* mshahara wa mwezi, au moja tayari imo ndani ya mshahara na unaongeza moja tu? Waajiri kadhaa wanalipa 48,000 hapo badala ya 96,000 kwa hoja hiyo ya pili. Mimi sikubaliani nao. Mshahara wa mwezi analipwa hata yule aliyekaa nyumbani anakula pilau tarehe 25. Mlinzi aliyekesha getini akipata moja tu ya nyongeza, saa yake ya Krismasi imelipwa kama saa ya mtu yeyote pamoja na bakshishi. Weka safu yake kwenye orodha ya mishahara, "sikukuu × 2.0", na uandike kwenye mkataba ili ubishi usijirudie kila Idd.

Jambo lingine, na hili si la hesabu. Ulivyoandika "usiku wa 25" ndivyo makosa ya zamu yanavyozaliwa. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili usiku hutangulia mchana: mtu wa Ujiji ukimwambia "usiku wa Ijumaa" anaelewa Alhamisi likishazama jua. Mwingine aliyezoea kalenda ya ukutani anaelewa Ijumaa jioni. Tarehe 25 Desemba mwaka huo ni Ijumaa, kwa hiyo hapo una walinzi wawili usiku mmoja na geti tupu usiku wa pili. Andika tarehe mbili na neno "kuamkia": *Alhamisi 24/12 saa 12 jioni kuamkia Ijumaa 25/12 saa 12 asubuhi.* Hakuna wa kubisha.

Halafu angalia wiki nzima ya huyo mlinzi. Saa 12 kwa siku sita ni saa 72. Saa za kawaida mwisho 45 kwa wiki, na za ziada hazizidi 50 kwa mzunguko wa wiki nne. Njia inayokubalika ni makubaliano ya maandishi ya wiki iliyobanwa: hadi saa 12 kwa siku bila kuhesabiwa ovataimu, lakini si zaidi ya siku 5 kwa wiki, saa za kawaida zibaki 45 na za ziada zisizidi 10 kwa wiki. Maana yake unahitaji mlinzi wa pili wa kupokezana. Bila hivyo, hiyo 99,000 ni sehemu ndogo tu ya deni lenu kwake.

MkokotoaMishahara:
Kweli kabisa kuhusu "kuamkia". Na kwa Idd tengeneza daftari la zamu lenye safu mbili tangu mwanzo, "mwezi ukiandama" na "mwezi usipoandama", kwa sababu tangazo huja usiku na Idd el Fitr ina siku mbili, Mosi na Pili. Ukisubiri tangazo ndipo upange, mtu wa zamu utampigia saa 4 usiku ameshasafiri Kasulu.

Sikukuu zenyewe ni 17 kwa mwaka. Za tarehe maalumu 11: 1 na 12 Januari, 7 na 26 Aprili, 1 Mei, 7 Julai, 8 Agosti, 14 Oktoba, 9, 25 na 26 Desemba. Zinazohama: Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Idd el Fitr siku mbili, Idd el Haji moja, Maulidi moja. Ikiangukia Jumapili haihamishiwi Jumatatu. Watu wanaosoma kalenda za nchi jirani hujipa mapumziko ambayo hayapo.

BintiUnyanyembe:
Mwangaluka kutoka Tabora. Nachukua likizo.

Kifungu cha 31: angalau siku 28 *mfululizo* kwa kila mzunguko wa miezi 12, na siku hizo zinajumuisha sikukuu zitakazoangukia ndani yake. Kwa hiyo Jumamosi, Jumapili, Krismasi na Mwaka Mpya vyote vinahesabika. Dada wa mapokezi akianza 15 Desemba: Desemba anatumia siku 17 (15 hadi 31), zinabaki 11, zinaishia 11 Januari. Tarehe 12 Januari ni Mapinduzi, ofisi imefungwa. Anaripoti Jumatano tarehe 13. Nadhani mhasibu anasema 12 na yeye anasema 16 au 17, akiongeza zile sikukuu. Wote wamekosea.

Angalia kitu kidogo hapo: angeanza 16 badala ya 15, likizo ingeishia tarehe 12 yenyewe, na Mapinduzi yangemezwa ndani ya likizo. Bado angeripoti tarehe 13. Siku moja ya kuanza imempa sikukuu bure. Wafanyakazi wanaojua hupanga likizo zao hivyo, na hawavunji sheria yoyote.

Malipo ya likizo hutolewa *kabla* ya mtu kuanza likizo, si mwisho wa mwezi. Kwa anayeanza 15, fedha iwe imeingia kufikia tarehe 14. Kwa watu wa Kigoma na huku kwetu hili lina uzito wake, maana safari za Desemba tiketi inakatwa mapema na nauli haisubiri tarehe 28. Fomu za likizo zipitishwe Novemba.

Sasa kufunga ofisi. Mwajiri ndiye mwenye uamuzi wa lini likizo ichukuliwe, mradi isipite miezi 6 baada ya mzunguko kuisha (au 12 kama mfanyakazi amekubali na kazi zinalazimu). Kwa hiyo mnaweza kuzikata. Kutoka 24 Desemba hadi 2 Januari ni siku 10. Kwa herufi ya sheria mnaweza kuhesabu zote 10. Mimi ningekata 7, nikaziacha 25, 26 na 1, kwa sababu kufunga ni uamuzi wenu na hizo siku tatu wangekuwa nyumbani hata kama mngefungua. Zitabaki 21 kwa kila mtu. Kwa kuwa sheria inataka 28 mfululizo, kuzigawa kunahitaji kila mtu akubali; karatasi moja yenye majina 23 na sahihi inatosha, iwe imetoka mwezi mmoja kabla. Tangazo la ubaoni tarehe 22 si makubaliano.

Huyo kijana wa miezi minne ndiye mtego. Mwenye chini ya miezi 6 kazini hana haki ya likizo ya malipo, kwa hiyo hakuna akiba ya kukata. Lakini pia huwezi kumwambia akae nyumbani bila malipo, yeye yuko tayari kufanya kazi, ninyi ndio mmefunga mlango. Mpe kazi: stoo mbili za vifaa vya ujenzi mwisho wa mwaka zinahitaji kuhesabiwa, nondo kwa nondo. Awe na mtu wa pili, asihesabu peke yake halafu upotevu umwangukie yeye. Tarehe 25, 26 na 1 asiitwe.

Kuna ofisi zinauza likizo, yaani mtu anafanya kazi anapewa mshahara wa mwezi badala ya mapumziko. Inaruhusiwa, ila mtu asifanye kazi miaka miwili mfululizo bila likizo. Na anayeacha kazi katikati analipwa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi.

Mzee_wa_Risiti:
Kuhusu 20,000: wazuieni mapema. Kifungu cha 28 kinaruhusu makato yanayotakiwa na sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mahakama au deni ambalo mfanyakazi amelikubali kwa maandishi. Sherehe haimo. 20,000 × 23 ni 460,000 iliyotolewa kwenye mishahara bila idhini, na mfanyakazi mmoja tu akichukizwa anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai yasiyo ya kuachishwa kazi yana siku 60 tangu mgogoro uanze. Mkitaka mchango, uwe mchango kweli: mweka hazina aliyechaguliwa, daftari lake, simu yake, nje kabisa ya orodha ya mishahara, na asiyechanga aalikwe vilevile. Lililo bora ni ofisi igharamie chakula, na watu wachangie zawadi zao wenyewe kwa wenyewe.

Tarehe 9 Desemba ni Uhuru. Mkisema kuhudhuria ni lazima na mkapitisha karatasi ya mahudhurio, mmewaita kazini siku ya sikukuu. Dereva atakayebeba viti na sufuria, yule hana mjadala, yuko kazini: saa zake mara mbili. Ni kama Mei Mosi: anayeandamana kwa hiari anasherehekea, anayeendesha gari la ofisi kuwabeba anafanya kazi. Wekeni Jumamosi tarehe 12 mchana.

Kodi sasa. Chakula kinachotolewa ofisini kwa wafanyakazi wote kwa usawa hakiingizwi kwenye PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara). Bahasha inaingia. Mfanyakazi bora akipewa 100,000 taslimu, kwa aliye kwenye ngazi ya asilimia 8 (kipato kati ya 270,000 na 520,000) PAYE inachukua 8,000. Kwa aliyevuka milioni inachukua 30,000. Kama huyo wa asilimia 8 mmeshamtangazia 100,000 mbele ya mkewe, andikeni 108,696 kwenye orodha ili mkononi ifike 100,000. Zawadi ya kitu, mfano mabati 10 ya dukani kwenu, nayo inahesabiwa kwa bei ya soko, si bei mliyonunulia.

BintiUnyanyembe:
Chakula cha watu 45, niachieni na hili.

Mchele kilo 8. Kilo moja inashiba watu sita wakubwa, hapo una cha kubaki kidogo. Nyama yenye mfupa kilo 9, yaani gramu 200 kwa kichwa, mifupa inakupa supu ya kupikia. Viazi kilo 4, vitunguu kilo 3, mafuta lita moja na nusu hadi mbili, kitunguu saumu robo, tangawizi robo. Bizari nyembamba gramu 100, mdalasini 50, pilipili manga 30, iliki 25. Kachumbari: nyanya kilo 4, vitunguu kilo 2, ndimu 10. Soda kreti 4 zina chupa 96, mbili kila mmoja na sita za ajali. Hesabuni chupa tupu kabla wageni hawajaondoka, si kesho yake.

Pikeni sufuria mbili za kilo 4, msipike moja ya kilo 8. Kwenye sufuria moja kubwa chini kunashika ukoko mweusi wakati juu mchele bado una kiini, na harufu ya kuungua inapanda yote. Supu lita 6 kwa kila kilo 4 kama ni mchele wa msimu huu. Wa mwaka jana unakunywa zaidi, fikisheni lita 7. Muulizeni muuzaji, na msichanganye mpya na wa zamani sufuria moja: mmoja utakuwa uji mwingine bado unapasuka menoni. Maji yakikauka, funikeni, punguzeni moto wa chini na kupalia makaa juu ya mfuniko dakika 20 hadi 25. Mpishi anayefunuafunua mfuniko mpeni kazi ya kachumbari.

Nyama inunuliwe kwenye bucha la wanaochinja Kiislamu, sufuria zisiwe za kuazima mahali panapopikwa kitimoto. Hili likifanywa kimyakimya tangu mwanzo hakuna meza mbili wala minong'ono. Na mkichagua siku ya Ijumaa mwaka mwingine, msianze kabla ya saa 8 mchana.

Mlango_wa_Ujiji:
Samaki pia, Kigoma huwezi kuwapa wageni pilau tupu. Mgebuka 50 wa kukaanga, mmoja kila mtu na watano wa akiba. Nunua Kibirizi alfajiri ileile, toa matumbo, chumvi na ndimu, kaanga karibu na saa ya kula. Aliyekaangwa saa 2 asubuhi akaliwa saa 8 mchana anakuwa mkavu kama kuni.

Kitu cha kuangalia ni mwezi. Dagaa na mgebuka huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, wavuvi wengi hupumzika na bei inapaa. Tarehe 12 mko salama, mwezi utakuwa umeandama siku chache tu, kuna giza la kutosha. Mkiisogeza sherehe hadi karibu na Krismasi mtakuta mwezi mpevu tarehe 24 na mwaloni hakuna kitu.

Karani_Mwanga:
Asanteni sana ndugu zangu. Swali moja la mwisho: bosi amekubali tarehe 12 na kutokata mishahara. Lakini mlinzi wa siku hiyo, zamu yake inaanza saa 12 jioni na sherehe itakuwa inaendelea. Ale pamoja nasi?

Mlango_wa_Ujiji:
Aje saa 8 kama mgeni, ale, saa 12 aingie getini. Akiwa na mwenzake wa kupokezana, yule wa mchana atolewe sahani yake kabla hamjaanza kugawa, ifunikwe, iandikwe jina. Pilau ya mlinzi wa mchana ndiyo huwa inasahaulika, na saa 11 kimebaki ukoko.